Beba Sampuli: Tulivyotafuta Seti ya Klachi ya Kipanya Chetu

Klachi ilianza kuteleza mwezi wa Mei, Jumapili jioni, kwenye mpando wa Bellbird Hill, pale barabara ya Bells Line inapopanda kutoka Kurrajong. Baba alikuwa kwenye gia ya tatu. Akakanyaga mafuta, injini ikalia kama inataka kuruka, lakini gari halikuongeza mwendo hata kidogo. Lori la nyuma likatupigia honi. Baba akarudi gia ya pili, akapanda polepole, na hakusema neno mpaka tulipofika juu. Ndipo akatamka, "Imekwisha hiyo."

Siku nyingine tungecheka. Siku ile hatukucheka, kwa sababu Bibi alikuwa ameshakatiwa tiketi. Alikuwa anakuja kutoka Tanga Julai, kwa viza ya miezi mitatu, na shabaha yake haikuwa kuiona Sydney wala lile jumba la muziki linaloonekana kwenye kalenda. Shabaha ilikuwa Coffs Harbour, anakoishi Shangazi, binti yake ambaye hajamtia machoni kwa miaka 11. Kutoka kwetu Quakers Hill mpaka Coffs Harbour ni zaidi ya kilomita 500. Miguu ya Bibi huvimba akikaa muda mrefu, hivyo kila baada ya saa moja na nusu anatakiwa anyooke. Treni ilikuwa nje ya hesabu. Ndege ya pili aliikataa mwenyewe kwenye simu: moja kubwa inatosha, hiyo ndogo pandeni nyinyi.

Ikabaki HiAce yetu. Wanaklabu waliokuja kwetu sikukuu ya Idi wanaijua: nyeupe iliyofifia, ya miaka ya 1990, imefungwa kitanda cha mbao nyuma, jiko la gesi, madumu mawili ya maji na pazia la kanga. Wengine hapa huliita kempa. Baba huliita Kipanya, kwa sababu ndilo jina Dar es Salaam ilizipa HiAce za daladala, na yeye aliziendesha njia ya Mbagala kwenda Kariakoo miaka ya mwisho ya 1990, zamani kabla ya mabasi ya mwendokasi. (Sheria ya hapa hairuhusu mtu kulala kitandani gari likitembea. Kila mtu kiti chake na mkanda wake. Kwa hiyo mpango ulikuwa kusimama, Bibi ajinyooshe nusu saa, kisha tuendelee.)

Gereji moja ilitupa makadirio ya dola 1,350, na hapo flaiwili haijaguswa. Gari lenyewe tulilinunua dola 4,200. Sisi mapacha tulikuwa na dola 700 tukiunganisha akiba zetu za kazi za wikendi. Baba alifanyiwa upasuaji wa bega mwaka jana, hawezi kunyanyua hata ndoo iliyojaa. Tukakubaliana hivi: mikono yetu, maneno yake.

Maneno yenyewe ndiyo yaliyotushinda kwanza. Sisi Kiswahili chetu ni cha mezani na cha simu za Idi. Tunajua kuomba chumvi kwa adabu na kumpa pole mfiwa. Hatukujua kwamba giaboksi huwa "haitolewi", bali "hushushwa", wala kwamba fundi akisema klachi "inashikia juu" anazungumzia mahali pedali inapofika ndipo gari lianze kusogea. Darasani chuoni hakuna somo la namna hii. Tulijifunza chali, tumelala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, Baba ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na gurudumu la mbele, akituambia tushike nini.

Kabla ya kununua chochote alitaka tuhakikishe kama kweli ni klachi. Tukalipeleka gari barabara iliyonyooka, gia ya nne, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha kukanyaga mafuta mpaka chini. Klachi nzima itaufanya mwendo na sauti ya injini vipande pamoja. Yetu ilipandisha sauti peke yake, na harufu ikaja, ile ya kitu kilichoungua ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Kuna jambo hapa ambalo watu wengi hulichanganya. Kama tatizo ni gia kuwa ngumu kuingia au kukwaruza, usikimbilie kununua seti. HiAce inaisukuma klachi kwa mafuta, kupitia masta silinda ya juu kwenye pedali na silinda ndogo ya chini kwenye giaboksi, na mara nyingi moja kati ya hizo ndiyo inayovuja. Hiyo ni kazi ya saa chache na hela ndogo. Kuteleza ni ugonjwa mwingine. Hapo pleti yenyewe imelika, au imeingiwa na oili, na hakuna njia ya mkato: giaboksi lazima ishuke.

Nieleze kidogo kilichomo ndani, maana bila hivyo habari ya kuchagua haieleweki. Injini inazungusha flaiwili, sahani nzito ya chuma. Giaboksi ina shafti inayoelekea mbele. Katikati inakaa klachi pleti, imevikwa bitana ngumu pande zote mbili, na tundu lake la kati lina meno yanayoingia kwenye meno ya shafti. Presha pleti imefungwa kwa bolti kwenye flaiwili na kuibana klachi pleti kwa springi ya duara yenye vidole. Hapo vyote vinazunguka pamoja. Ukikanyaga pedali, rilizi beringi inavisukuma vile vidole, presha inaachia, na injini inabaki inazunguka peke yake. Basi. Kila unapoondoka kwenye taa za Quakers Road bitana ile inasuguliwa kidogo, na siku moja inakwisha.

Unaponunua seti, kwa kawaida unapata vitu vitatu: klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi. Seti nzuri huongeza pailoti beringi, ile ndogo inayoshika ncha ya shafti mwishoni mwa injini, pamoja na kijiti cha plastiki cha kuiweka pleti katikati wakati wa kufunga. Kuna wanaonunua pleti peke yake ili kuokoa dola 100. Baba alilipinga hilo kuliko jambo lolote lingine. Alituambia kwamba zama zake, bosi wa daladala alikuwa akigoma kununua rilizi beringi mpya kwa sababu ya zamani "bado inazunguka", na miezi mitatu baadaye beringi inaanza kulia kama panya kila ukikanyaga pedali, giaboksi inashushwa tena, na dereva anakosa hesabu ya siku mbili. Sehemu ghali ya kazi hii ni kushusha na kupandisha. Ukishafika ndani, badilisha kila kinachozunguka.

Sasa nije kwenye kosa letu.

Tulikuwa na haraka. Tukaona ni bora seti iwepo nyumbani kabla ya kushusha giaboksi, ili gari lisilale nje bila miguu. Wazo si baya. Tukapiga simu duka la spea, tukaulizwa gari gani, tukajibu: HiAce, ya petroli, mwaka fulani. Mwaka tuliousema ulikuwa ule wa usajili. Seti ikaja baada ya siku mbili, dola 240, sanduku safi. Jumamosi asubuhi tukalipandisha gari kwenye stendi nne, tukafungua propela, nyaya, silinda ya chini, bolti za giaboksi. Uzito wake haufiki mfuko wa saruji wa Dar wa kilo 50, lakini unaushinda ule wa hapa wa kilo 20, na ukiwa umelala chini yake hutaki kujua zaidi. Tuliazima jeki ya giaboksi kwa jirani Mfiji wa mtaa wa pili. Saa tisa mchana ikawa chini. Tukatoa presha pleti ya zamani, tukaiweka juu ya boksi, tukafungua ile mpya na kuiweka pembeni.

Haikuhitaji rula. Mpya ilikuwa ndogo kwa zaidi ya sentimita moja. Matundu ya bolti hayakulingana kabisa.

Baba hakukasirika. Alivishika vyote viwili, akavipindua, akauliza, "Mlibeba sampuli?"

Hatukubeba. Ndiyo, hatukuweza, kwa sababu sampuli ilikuwa bado imo ndani ya gari. Lakini swali lake lilituchoma, na ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Kule alikotoka, hakuna anayekwenda Gerezani kununua spea kwa maneno matupu. Unakwenda na kile kilichoharibika mkononi, kimefungwa kwenye gazeti, oili inachuruzika. Muuzaji anakichukua, anakipima kwa macho, anahesabu meno, anapotea nyuma ya duka, anarudi na vitatu vinavyofanana, na mnaanza kulinganisha juu ya kaunta. Ndivyo ilivyo pia Kirinyaga Road kule Nairobi na soko la Kisekka kule Kampala. Pale magari mengi yaliingia yakiwa yameshatumika Japani, yamebadilishwa injini, yameungwa vipande vya gari lingine, na hakuna kitabu kinachojua kilichomo. Kitu chenyewe ndicho kitabu. Sydney sisi tumezoea namba: unataja gari, kompyuta inajibu. Tuliamini kwamba kompyuta inalijua gari letu. Ilikuwa inaijua HiAce iliyotoka kiwandani, si hii iliyokuwa inatudondoshea oili kichwani.

Bodi ile ya HiAce, iliyoanza mwaka 1989, ilibeba injini nyingi. Nyingi za petroli ni za ukoo wa RZ: 1RZ ya lita 2.0, 2RZ ya lita 2.4. Nyingi za dizeli ni za ukoo wa L: 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8, 5L ya lita 3.0. Ukisema "HiAce ya petroli" hujasema kitu. Tukachukua tochi, tukainua kiti cha mbele ambacho injini imelala chini yake, tukapangusa grisi kwenye bloku mpaka herufi zikaonekana: 2RZ. Aliyekuwa na gari kabla yetu aliwahi kuipandisha injini kubwa zaidi ya ile ya mwanzo. Na cha kuchekesha, au cha kusikitisha, ni kwamba kila mwaka karatasi ya usajili inayokuja kwa jina la Baba ina mstari wa namba ya injini, na namba ile inaanza na herufi zilezile. Ilikuwa kwenye droo ya jikoni miaka sita.

Hata lile suala la mwaka lina mtego wake hapa Australia. Magari ya zama hizo yana kibati chenye tarehe ya kukubaliwa kisheria, na tarehe ya kutengenezwa inaweza kuwa ya miezi kadhaa nyuma yake. Usajili wa kwanza unaweza kuwa mwaka unaofuata kabisa. Kwa hiyo gari moja lina miaka mitatu tofauti kwenye karatasi, na muuzaji anakuuliza "mwaka gani" kana kwamba jibu ni moja. Mpe tarehe ya kutengenezwa, namba ya bodi, na namba ya injini uliyoisoma mwenyewe kwenye chuma. Ukishindwa kuifikia, safisha tena.

Duka halikuwa limekosea. Waliulizwa kitu, wakakileta. Seti ilikuwa haijaguswa na grisi, wakaipokea na kuturudishia pesa. Ukiwa kama sisi, yaani unanunua kabla ya kushusha, uliza mapema kama watairudisha, usikivue kifuniko cha nailoni kwenye pleti, na usikishike kwa mikono michafu mpaka umevilaza cha zamani na kipya bega kwa bega.

Safari ya pili tulikwenda na sampuli. Tulipanda treni pale stesheni ya Quakers Hill, Doto kapakata mfuko wa plastiki wenye presha pleti, mimi nina klachi pleti imefungwa kwenye mfuko wake na kisha kwenye taulo la zamani. Watu walitutazama. Kijana wa kaunta alifurahi, akasema wateja wenye vitu mkononi siku hizi ni wazee tu. Akatuonyesha cha kupima, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza ni kipenyo cha bitana, ukingo mpaka ukingo. Pili ni meno ya tundu la kati: yetu yalikuwa 21, tulihesabu mara mbili tukianzia kwenye alama ya rangi ya kucha. Lakini idadi pekee haitoshi, maana unene wa shafti unaweza kutofautiana, kwa hiyo hatimaye pleti mpya lazima uitelezeshe kwenye shafti ya giaboksi yako nyumbani kabla ya kufunga kitu chochote. Ikwame kidogo, acha. Ichezecheze, acha vilevile. Tatu ni matundu ya bolti za presha pleti na vile vijiti vidogo vya kuielekeza kwenye flaiwili. Nne ni kimo: jinsi kitovu cha pleti kinavyochomoza upande mmoja, na vidole vya presha vilivyo juu au chini. Hili la nne halionekani kwa haraka, na likikosewa klachi itafungwa vizuri, gari litashuka kwenye stendi, na pedali itagoma kuachia. Tano ni rilizi beringi, kipenyo chake cha ndani na namna inavyoshikwa na vibanio kwenye uma wake.

Vikilingana vyote, ndipo linapokuja suala la jina kwenye sanduku, na hapo familia yetu iligawanyika.

Mjomba wa Mombasa, ambaye amewahi kumiliki matatu mbili, alituma sauti ya WhatsApp ya dakika saba. Ujumbe wake ulikuwa mmoja: nunueni ile ya kazi nzito, yenye springi kali, msitake klachi ya maridadi na gari limebeba nyumba nzima. Baba akajibu kwa sauti ya dakika nane. Tuliwasikiliza wote wawili tukiwa tunaosha bolti kwa mafuta ya taa, na nadhani Baba alishinda, ingawa Mjomba hajakubali mpaka leo.

Hoja ni hii. HiAce ilitengenezwa kubeba mzigo. Tangu sheria za Michuki za mwaka 2004, matatu ya Kenya ya aina hiyo inabeba abiria 14. Wapige kilo 65 kila mmoja, unapata kilo 910, bado dereva na konda na gunia la mtu. Klachi ya kawaida iliyotoka kiwandani imekusudiwa uzito wa namna hiyo. Sisi tulipima vitu vyetu kwa mizani ya bafuni, kimoja kimoja: kitanda, betri, friji, jiko, madumu ya maji, godoro, masufuria ya Mama ambayo yanastahili makala yao. Jumla haikufika kilo 250. Ongeza watu watano wa kawaida, bado hatujafika kwenye matatu ya saa kumi na mbili asubuhi.

Klachi ya kazi nzito haileti nguvu. Kinachobadilika ni springi, ambayo inabana zaidi, na pedali inakuwa nzito zaidi. Wengine hubadilisha pia bitana, kutoka zile laini za kawaida kwenda vipande vya seramiki ambavyo havitelezi lakini hushika kwa ghafla, gari linatetemeka ukiliondoa, na kurudi nyuma polepole kwenye kiwanja cha kambi usiku kunakuwa vita. Mtu wa kuvuta boti mlimani, au aliyeongeza tabo kwenye injini, ana sababu. Gari la kulalia safarini linahitaji kinyume chake: kuondoka taratibu, kurudi nyuma taratibu, pedali ambayo Mama anaweza kuikanyaga kwenye foleni ya M4 bila kuumia goti. Kwa maoni yetu, ukishaambiwa na muuzaji kwamba kwa dola 150 zaidi unapata "nguvu zaidi", muulize nguvu ya kufanya nini.

Kuhusu majina, hatukuona sababu ya kuogopa au kuabudu. Aisin ni wa ukoo wa Toyota. Exedy ni Wajapani pia, wazee wa gereji wanawakumbuka kwa jina la Daikin. LuK na Sachs ni Wajerumani, Valeo ni Wafaransa. Tulionyeshwa seti za kuanzia dola 180 hadi 600, ile ya juu ikiwa kwenye sanduku la Toyota lenyewe. Tulichukua ya Kijapani ya katikati, dola 310, yenye pailoti beringi na kijiti cha plastiki. Ile ya dola 180 haikuwa na jina la mtengenezaji popote kwenye chuma, ila kwenye karatasi ya sanduku tu, na Baba aliirudisha kwenye kaunta bila hata kuuliza bei. Sanduku linachapishwa popote, alisema. Angalia kilichogongwa kwenye chuma, na ulinganishe kama herufi zimenyooka. Kariakoo imemfundisha.

Kuna kitu kimoja ambacho hapa tunacho na yeye hakuwa nacho. Tangu Januari 2011 sheria ya walaji ya Australia inamtaka muuzaji atoe kitu cha ubora unaokubalika, hata kama muda wa warantii ulioandikwa na kiwanda ni mfupi. Tunza risiti. Sisi tumeipiga picha, maana karatasi za siku hizi hufutika kwenye jua la dashibodi.

Vitu vingine viwili havimo kwenye sanduku lakini vimo kwenye bei. Flaiwili yetu ilikuwa na madoa ya bluu, alama ya kupata moto. Kidole kikipita juu yake kilihisi mawimbi. Ukiweka pleti mpya juu ya uso huo utapata mtetemo, kisha utailaumu seti. Tuliipeleka kwa wachonga vyuma, dola 90, ikarudi inang'aa. Na nyuma ya flaiwili kuna oili sili ya mwisho wa injini. Yetu ilikuwa imeanza kulowa. Sili ile ni mpira wa bei ya chakula cha mchana, lakini ikivuja inaiua klachi mpya kabla haijamaliza mwaka. Tukabadilisha. Hesabu ikafika dola 465 pamoja na grisi na oili ya giaboksi. Zilizobaki tulimpa Mama akazihifadhi kwa ajili ya petroli, na hakutupa risiti.

Neno moja la vumbi. Baba alisimulia jinsi walivyokuwa wakipuliza vumbi la klachi kwa upepo wa kompresa, gereji nzima ikiwa nyeupe, halafu wanakaa kula chipsi mayai hapohapo. Bitana za zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Australia ilipiga marufuku asbesto yote tarehe 31 Desemba 2003, gari letu lina umri kuliko marufuku hiyo, na hatukuwa na namna ya kujua kilichovishwa mle kabla. Kwa hiyo hatukupuliza. Tulilowesha, tukapangusa kwa vitambaa, tukavifunga kwenye mifuko miwili, tukiwa tumevaa barakoa za P2. Ile pleti ya sampuli pia tuliiosha kwa maji kabla ya kuifunga na kupanda nayo treni. Baba alitutazama tukifanya yote hayo, akanyamaza muda mrefu, kisha akataja majina ya mafundi wawili aliofanya nao kazi Mbagala ambao vifua vyao viliwasumbua. Hakusema zaidi, nasi hatukuuliza.

Kufunga kulituchukua Jumapili nzima ya wiki iliyofuata. Sitaeleza kila bolti. Pleti ina upande wake, imeandikwa upi unatazama flaiwili, na bado tuliishika kinyume mara ya kwanza mpaka kiti cha plastiki kikakohoa. Kijiti kinaiweka katikati, bolti za presha zinakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo, zamu kwa zamu, ili isipinde. Kisha giaboksi inapanda, na hapo ndipo utajua kama kijiti kilifanya kazi. Yetu iligoma mara tatu. Ya nne, Baba akasema weka gia, zungusha propela kwa mkono taratibu huku mwenzio akisukuma. Meno yakakutana, giaboksi ikateleza ndani kwa sauti ndogo ya "tok". Doto alipiga kelele hadi jirani Mfiji akatoka nje kuona nani kaumia.

Baba ndiye aliyelitoa kwenye stendi na kulizungusha mtaani. Alirudi akiwa ametabasamu na mkono mmoja nje ya dirisha, kama konda. Kwa wiki mbili alitukataza kuliondoa kwa nguvu au kulipakia, bitana zipate kukaa. Kisha tukarudi Bellbird Hill, gia ya tatu, mafuta mpaka chini, na Kipanya kikapanda.

Julai, Coffs Harbour ilituchukua saa tisa na vituo vitano. Bibi alijinyoosha kila kituo, akanywa chai ya tangawizi kitandani mlango ukiwa wazi, na alipofika kwa Shangazi alishuka kwa miguu yake mwenyewe.

Ndani ya mlango wa dereva tumebandika karatasi iliyofunikwa nailoni: injini 2RZ, meno 21, kipenyo cha pleti, jina la seti, tarehe, kilomita 318,402. Ile pleti ya kale iko gereji, imening'inizwa kwenye msumari kwa ajili ya atakayekwenda dukani safari ijayo. Chini ya karatasi Baba ameongeza mstari wake kwa kalamu ya risasi: masta silinda inaanza kulowa, msiniambie sikuwaambia.